Namba za Mtandaoni Zinapima Nini Hasa?

Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa ikiwapa watangazaji wastani wa muda wa kutazama video uliokuzwa kupita kiasi. Kosa lilikuwa katika kugawanya: muda wote wa kutazama uligawanywa kwa idadi ya waliotazama sekunde 3 au zaidi peke yao, na waliopita haraka wakaachwa nje ya hesabu. Kesi ya watangazaji iliyofunguliwa California ilimalizwa mwaka 2019 kwa dola milioni 40.

Wapo wanaosema namba za namna hii zitupwe, na mwenye biashara arudi kuliamini jicho lake. Hoja yao siidharau, lakini siikubali, kwa sababu jicho nalo hudanganya, tena haliachi hesabu inayoweza kukaguliwa.

Tatizo, kwa maoni yangu, ni swali tunaloziuliza namba. Kubofya kunaonyesha mtu amepita wapi. Hakuonyeshi kwamba bila tangazo asingefika. Wachumi waliofanya utafiti ndani ya eBay, soko la mtandaoni la Marekani, ambao matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Econometrica mwaka 2015, walilijaribu swali hilo kwa kulizima tangazo lenyewe. Mtu alipotafuta neno “eBay” kwenye Yahoo au MSN, hakuliona tena tangazo la kulipia, na karibu wote waliingia kupitia matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Tangazo lilikuwa likihesabiwa wateja ambao tayari walikuwa njiani. Hata hivyo, kwa matangazo yaliyotokea watu walipotafuta maneno mengine yasiyo na jina la eBay, utafiti huohuo ulikuta kwamba wateja wapya na wanaonunua mara chache walivutwa kweli, kwa hiyo ambaye angefuta matangazo yote kwa sababu ya utafiti huo naye angekosea.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa kwetu ugumu ni mwingine. Muuza mitandio wa Kariakoo anaweka picha Instagram. Mteja anapiga skrinshoti na kumtumia dada yake WhatsApp. Dada anapiga simu, analipa kwa lipa namba, na mzigo unapelekwa na bodaboda. Katika safari yote hiyo Instagram imemwona mtu mmoja tu aliyeitazama picha na kupita. Muuzaji akifuata takwimu peke yake, ataiacha picha iliyouza na kurudia video ya vichekesho iliyotazamwa sana bila kuuza mtandio hata mmoja.

Afadhali amuulize kila mteja, “Umetuona wapi?”, na kuliandika jibu kwenye daftari la mauzo, kando ya kiasi kilicholipwa. Kumbukumbu za wateja zina mapengo, na wengi watajibu “mtandaoni” tu. Lakini majibu ya wiki nne yakiwekwa pamoja na takwimu za kwenye simu, na tangazo la kulipia, kama analo, likiwa limezimwa kwa wiki mbili kati ya hizo, mwenye duka atakuwa na cha kulinganisha kabla hajaamua kulilipia tena.