Binti yangu si mchumba wa mtu

Jana jioni nilimtuma mwanangu wa miaka sita dukani kununua chumvi, nyumba ya tatu tu kutoka kwetu. Siku hizi ndiyo furaha yake kubwa: kushika hela mwenyewe, kurudi akihesabu chenji kwa sauti. Nikabaki mlangoni namtazama, roho juu.

Akarudi kimya. "Mama, yule baba kaniita mchumba. Kanishika shavu, kasema nisiringe."

Yule baba ana wajukuu!

Nilipomfuata akasema, "Ah, mama, si utani tu?" Utani wa babu na mjukuu naujua, nimelelewa nao. Babu mzaa mama aliniita mke wake mbele ya bibi, na sikuwahi kumwogopa. Huyu si babu yake, ni mteja tu wa dukani. Kila siku namwambia mtoto mwili wake ni wake, akishikwa asipopenda apige kelele, aje aniambie. Halafu mtu mzima anamwambia anaringa!

Ana jina. Mwiteni kwa jina lake.

Leo sukari imeisha. Nimemwambia aende, amekataa.