Mpeni mwanafunzi kata moja

Ikifika Julai, chumba chetu cha habari hupokea wanafunzi wa fildi, yaani wa uandishi wanaokuja kujifunza kazi kwa vitendo. Wanakuja na barua ya chuo, daftari jipya na hamu ya kuona jina lao gazetini. Siku ya pili tu utamkuta mmoja mlangoni kwangu: "Shikamoo mama. Kuna presi saa nne, niende?" Kwa miaka mingi niliitikia marahaba, nikamwambia nenda. Siku hizi nakataa.

Huko presi, kwenye mkutano na waandishi wa habari, anajifunza nini? Anaketi nyuma, anaandika alichosema mgeni rasmi, anachukua taarifa kwa umma ambayo imeshachapwa, anapewa bahasha ya nauli, anarudi kuandika "Wito umetolewa kwa wananchi". Wiki nane zikiisha ana vipande vya magazeti vya kutosha kubandika kwenye ripoti yake ya fildi, lakini hajamuuliza mtu yeyote swali ambalo mtu huyo asingependa kuulizwa. Bahasha ile inaniuma, ila simlaumu mwanafunzi. Halipwi, anapanda daladala mbili kuja kazini, na mchana ana njaa. Sisi ndio tumemwacha asomeshwe uandishi kwa nauli ya mwenye mkutano.

Sasa kila anayekuja kwangu namkabidhi kata moja. Wiki zote nane ni hiyo hiyo. Aujue ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji, aijue zahanati, soko, shule, wenyeviti wa mitaa na mama lishe wa kituo cha daladala. Baraza la madiwani likikaa, aende kusikiliza. Mikutano yake ni ya wazi, na huwa kila robo mwaka. Wiki mbili za mwanzo simruhusu kuandika habari hata moja, na wengine hulalamika. Mwisho wa wiki ya tatu huyo aliyelalamika anakuja na mambo matano ambayo hakuna mwandishi mzoefu aliyeyaona.

Kisha tunafungua makaratasi, na hapa ndipo vyuo vyetu vinaniumiza zaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kunieleza aina zote za usampulishaji, yaani namna ya kuchagua watu wa kuwahoji kwenye utafiti, kwa sababu amezikariri kwa ajili ya tasnifu, lakini hajawahi kufungua ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ripoti hizo ziko bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Ile ya mamlaka za serikali za mitaa ina viambatisho vinavyozitaja halmashauri kwa majina, na Tanzania Bara zipo 184. Halmashauri yenye kata yake imo humo. Jambo la kwanza ninalomfundisha ni kutodanganyika na "hati safi". Hati hiyo, ambayo wakaguzi huiita hati inayoridhisha, maana yake hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa na zinaonyesha hali halisi ya fedha. Haisemi kwamba hakuna aliyekula. Nimesoma habari nyingi mno za halmashauri "kung'ara" kwa hati safi, wakati kurasa chache mbele mkaguzi ameorodhesha malipo yasiyo na viambata, yaani nyaraka za kuyathibitisha.

La pili ni maneno matatu: zilizotengwa, zilizotolewa, zilizotumika. Mwandishi akiandika kwamba kituo cha afya "kimepata" milioni 500, mimi nauliza ni ipi kati ya hizo tatu. Fedha inaweza kutengwa kwenye bajeti isitolewe, au ikatolewa Juni mwishoni, siku chache kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30. Mwanafunzi akishalielewa hilo, hasomi tena hotuba ya bajeti kama alivyokuwa akiisoma.

Mfano ninaoupenda ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Kila kata ina vikundi vilivyokopa, vilivyonyimwa, na pengine vilivyosajiliwa kwa majina ya watu wasiofahamiana. Mwanafunzi anaweza kuuliza halmashauri ilikusanya kiasi gani, ikakopesha kiasi gani, kimerudi kiasi gani. Akijibiwa "njoo kesho" mara tatu, tunaandika barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaipa ofisi siku 30 kujibu. Barua ikipelekwa wiki ya kwanza, siku 30 zinaishia ndani ya fildi. Nawaambia waende na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, warudi nayo.

Nije kwenye uhariri, maana lawama hapa ni yetu wahariri. Zamani nilipokuwa mwandishi mchanga, mhariri wangu aliniita mezani, akasoma habari yangu kwa sauti mbele yangu huku kalamu nyekundu ikitembea. Niliumia, ila kila alichokata nilijua kwa nini kimekatwa. Leo habari ya mwanafunzi inatumwa, mhariri msanifu anaifumua kwenye kompyuta saa mbili usiku, inakwenda kiwandani. Asubuhi mwandishi anakuta jina lake juu ya maneno asiyoyatambua. Anafurahi, anapiga picha, anarusha kwenye statasi. Hajajifunza kitu, na wiki ijayo atarudia kosa lile lile.

Mwaka jana binti mmoja aliniletea aya hii: "Imeelezwa kuwa ukosefu wa maji ni changamoto kubwa inayowakabili wananchi wa kata hiyo." Nikamuuliza, nani ameeleza? "Changamoto" ndiyo nini, wanakunywa nini, wanaamka saa ngapi? Hakujua, kwa kuwa alikwenda mchana. Siku iliyofuata aliomba kulala kwa shangazi yake anayeishi jirani na kata ile. Akarudi na sentensi hii: "Saa 10 alfajiri ndoo 43 zilikuwa zimeshapanga foleni mbele ya kioski cha maji." Alizihesabu mwenyewe. Sikuigusa.

Wahariri wenzangu wanasema hatuna muda, vyumba vya habari vimepungua watu. Ni kweli, nami nafanya kazi ya watu wawili. Lakini habari ya maneno 300 nikiketi nayo pamoja na mwandishi wake inanichukua dakika 40, na ya nne yake inanichukua 15. Kwa wakufunzi ombi langu ni dogo zaidi: acheni kusahihisha kwa alama peke yake. Mrudishieni mwanafunzi kazi, aiandike upya mara mbili, na alama itolewe kwa ile ya tatu. Na mkague daftari lake. Majina aliandikiwa na wenyewe, au aliyasikia tu? Mwajuma na Mwanajuma ni watu wawili, na aliyekosewa jina hatampa tena mwandishi habari.

Julai hii wanakuja wanne. Kata zao nimeshazichagua, na moja ni ile ya kioski. Nataka kujua kama ndoo bado ni 43.