Chenji ya Elfu Kumi: Anachokijua Mtoto Kabla ya Kufika Darasani

Stendi ya Msamvu, Morogoro, saa nane mchana. Basi la Dodoma limeshawashwa, kondakta anapiga bodi kwa kiganja. Dirishani kwa mama aliyekaa mbele yangu amesimama mvulana wa miaka kumi na moja hivi, kavaa kaptula ya shule, mkononi ana ndoo ya mayai ya kuchemsha na karanga zilizofungwa kwenye vifuko. Mama anataka mayai manne ya mia tano na karanga mbili za mia tatu. Anatoa noti ya elfu kumi, na basi nalo linaanza kusogea. Mtoto anatembea sambamba na dirisha, mkono wake ukipanda na kushuka. "Mbili na mia sita." Sarafu mbili za mia mbili: "Tatu." Noti ya elfu mbili: "Tano." Noti ya elfu tano: "Kumi. Safari njema, mama."

Hesabu hiyo hiyo iandike ubaoni, 10,000 kutoa 2,600. Sifuri kutoa sifuri ni sifuri, na inayofuata vilevile. Sifuri kutoa sita haiwezekani, tunakopa kwa jirani. Jirani naye hana kitu, inabidi akakope kwa jirani yake ndipo atukopeshe. Hapo watoto wengi hupotea njia, na mvulana wa mayai huenda akawa mmoja wao. Pale dirishani hakukopa kwa mtu. Alianzia kwenye deni akajazia mpaka kumi ikafika.

Walimu na wazazi wana kauli yao juu ya watoto wa namna hii: mtoto akishazoea hela, shule basi. Nimeisikia kwenye vikao vya wazazi na kwenye ofisi za walimu, na wanaoisema wengi wao si watu wabaya. Wamewaona watoto wakisinzia saa tatu asubuhi kwa sababu waliamka saa kumi alfajiri kuchochea moto. Wamewaona wavulana wa darasa la sita wakikosa Ijumaa moja, halafu Ijumaa zote za gulio, halafu wiki nzima. Kwa wasichana jambo ni zito zaidi. Binti wa miaka kumi na tatu anayepitisha ndizi baa saa mbili usiku anafundishwa mambo ambayo hakuna mtoto anayestahili kuyajua, na wanaomfundisha ni watu wazima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, tena kazi nyepesi isiyomdhuru afya wala masomo. Sitetei kuivunja. Anayesema stendi si mahali pa mtoto kukulia yuko sahihi, na hapo sina ubishi naye.

Ubishi wangu unaanza pale kauli inapovuka kutoka kwenye usingizi na hatari kwenda kwenye akili ya mtoto mwenyewe: kwamba maisha yamemharibu kichwa, kwamba anaingia darasani mtupu na mwalimu ana kazi ya kwanza kufuta yaliyomo. Hapo ndipo naona watoto hawa hawajaeleweka.

Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti walioufanya Recife, Brazil. Waliwaendea watoto watano wenye umri kati ya miaka tisa na kumi na mitano, wauzaji wa nazi na bidhaa nyingine ndogondogo, wakajifanya wateja wa kawaida: nipe hizi nne, nirudishie ngapi? Kati ya maswali 63 yaliyoulizwa mtaani, watoto walipatia asilimia 98. Siku chache baadaye waliketishwa na kupewa karatasi na kalamu, na kwa sehemu kubwa hesabu zilikuwa zile zile walizokwisha kuzifanya barabarani. Zilipowekwa ndani ya hadithi fupi, walipatia asilimia 74. Zilipoandikwa tupu, tarakimu na alama tu, walipatia asilimia 37.

Watoto watano ni wachache, na mtu makini hawezi kujenga sera ya taifa juu yao. Lakini ukitazama alichofanya mmoja wao, wa miaka kumi na miwili, uchache wao unapungua uzito. Nazi moja ilikuwa cruzeiro 35. Mteja akataka nne. Mtoto akasema tatu ni 105, akaongeza 30, akapata 135, akamalizia na tano iliyobaki: 140. Baadaye akapewa karatasi, 35 mara 4. Nne mara tano ishirini, naweka mbili juu. Mbili na tatu ni tano, tano mara nne ishirini. Akaandika 200.

Jibu hilo la 200 limenikaa kichwani kwa miaka. Mtoto huyu alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba nazi tatu ni 105. Mtu angemwambia mtaani kwamba nne ni 200 angecheka, au angejua anaibiwa. Mbele ya karatasi hakushtuka. Hakujiuliza nazi ya nne imewezaje kugharimu 95. Nadhani kuna somo alilokuwa amelishika vizuri mno: kwamba shuleni unafuata njia uliyoonyeshwa hata kama inakupeleka usikokujua, na kwamba akili unayoitumia kulinda mtaji wa mama yako unaiacha getini. Huo tayari ni mtazamo wa dunia. Mtoto amegawa ulimwengu sehemu mbili, upande mmoja vitu vyenye maana, upande wa pili vitu vya kujibiwa.

Mama yangu alikuwa akiuza vitumbua. Nilipokuwa darasa la tano nilizunguka navyo mtaani kabla ya kengele ya kwanza, ndoo nyeupe yenye mfuniko, vitumbua sitini. Mama hakuandika hesabu. Aliniambia: "Thelathini vya mwanzo ni vya mchele, mwanangu. Kumi na nane vinavyofuata ni vya nazi, sukari na mkaa. Hivyo kumi na viwili vya mwisho ndivyo vyetu." Kwa hiyo kila asubuhi nilijua niko wapi. Nikirudi na vitumbua ishirini najua mchele umelipwa ila mkaa bado haujatimia. Nikirudi na kumi na viwili najua hatujapoteza wala hatujapata, na tutakula vitumbua wenyewe.

Mwaka huo huo tulifika mada ya faida na hasara. Bei ya kununulia, bei ya kuuzia, kanuni ikaandikwa ubaoni, mfano ukawa wa mfanyabiashara aliyenunua baiskeli. Nilikariri kanuni. Haikunijia hata mara moja kwamba ile kumi na mbili juu ya arobaini na nane ndiyo kitu chenyewe, faida ya asilimia 25, ambayo nilikuwa nimeibeba kichwani kutoka nyumbani asubuhi ile. Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu alipita katikati ya madawati, akasimama kwangu, akasema, "Wewe unanuka mafuta." Darasa likacheka. Sikuacha kuuza, tusingekula. Niliacha kusema kwamba nauza.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hesabu za mtaani zina mwisho wake, na hilo ni kweli. Kujazia mpaka elfu kumi hakukufikishi kwenye milinganyo, na mtoto wa vitumbua akibaki na vitumbua vyake peke yake hatasanifu daraja. Karatasi ina nguvu ambayo kichwa hakina, ndiyo maana tunawapeleka shule. Swali ni karatasi ianzie wapi. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2021 na wa 2022, takriban watahiniwa 20 tu katika kila 100 walifaulu Hisabati. Sidai kwamba sababu ni moja. Walimu wa somo hili ni wachache, madarasa yamejaa, na mtoto aliyejifunza kuhesabu kwa Kiswahili miaka saba anaambiwa kidato cha kwanza kwamba sasa hesabu ni za Kiingereza. Lakini nikiwatazama themanini waliobaki, naona wamo wengi ambao ukiwakuta sokoni huwezi kuwapunja hata mia.

Wala si hesabu peke yake. Mtoto wa mvuvi wa Bagamoyo anajua bamvua, siku bahari inapojaa na kupwa sana, na maji mafu, siku inapojaa na kupwa kidogo, kabla hajaambiwa kwamba mwezi unavuta bahari. Mtoto wa wafugaji anatambua ng'ombe aliyekosekana bila kuhesabu kundi. Wanafika darasani na kitu mkononi, na mara nyingi hakuna anayewaomba wakionyeshe.

Nyerere aliliona hili. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alilalamika kwamba shule tulizorithi zinamtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yako vitabuni na kwa waliosoma. Dawa iliyofuata ilikuwa mashamba ya shule, na wengi wetu tunakumbuka yalivyokuwa: jembe likawa adhabu ya waliochelewa. Kazi iliingia shuleni, maarifa yaliyomo ndani ya kazi yakabaki nje. Naliogopa hilo lisijirudie sasa, maana mitaala iliyofuata Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023 imeipa biashara na elimu ya amali, yaani ya ufundi na stadi za kazi, nafasi kubwa kuliko zamani. Nafurahi kwa dhati. Ila somo la biashara linaweza kufundishwa kwa kumwambia mtoto ataje sifa tano za mjasiriamali, naye akakosa alama zote tano, halafu kengele ikilia akakimbilia stendi na ndoo yake.

Siku ile ya mafuta, vitumbua vyangu vilikuwa vimeisha vyote sitini. Ningeulizwa faida ni nini ningejibu kabla chaki haijagusa ubao. Mwalimu hakuniuliza, nami sikunyoosha mkono.