Iceland: ridhaa ya nani?

Desemba 1998 Bunge la Iceland lilipitisha sheria ya kukusanya rekodi za matibabu za wananchi wote, wasiofika hata 300,000, katika kanzidata moja. Leseni ya kuiendesha ilikwenda kwa kampuni binafsi, deCODE genetics, ya daktari Kári Stefánsson. Asiyetaka ajaze fomu ya kujitoa. Aliyenyamaza kahesabiwa amekubali.

Watetezi hawakuwa na hoja nyepesi. Nchi ndogo yenye kumbukumbu za nasaba za karne nyingi ni mahali pazuri pa kusaka jeni za magonjwa, na mkataba wa deCODE na Roche, kampuni ya dawa ya Uswisi, wa hadi dola milioni 200, uliahidi kazi kwa wanasayansi waliokuwa wakihamia nje. Wapinzani, chama cha madaktari kikiwa mbele, walihoji: mgonjwa kamweleza siri daktari wake, Bunge limepata wapi haki ya kuigawa? Hapo niko nao. Kura ya mbunge haiwezi kuwa ridhaa ya mgonjwa. Watu wapatao 20,000 walijitoa.

Kisha binti mmoja akaenda mahakamani kuzuia rekodi za marehemu baba yake zisiingizwe. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ilimpa haki: habari za baba zinaweza kufichua yaliyomo mwilini mwa mwanawe. Kanzidata ile haikujengwa.

Ila hoja hiyo hiyo inawageukia walioshinda. Kampuni iliendelea na ridhaa ya mtu mmoja mmoja, ikapata zaidi ya nusu ya watu wazima waliotoa damu. Kwa kufuata nasaba, sasa inaweza kukadiria vinasaba vya jamaa ambao hawakutoa hata tone. Ikawa na uwezo wa kuwatambua wenye kasoro ya jeni ya BRCA2, chini kidogo ya asilimia 1 ya wananchi, ambayo kwa mwanamke huongeza mno hatari ya saratani ya matiti. Stefánsson alitaka waambiwe. Mamlaka zikakataa: hawakuwahi kuulizwa kama wanataka kujua.

Mwaka 2018 ilifunguliwa tovuti ambako mtu huomba mwenyewe matokeo yake. Inamfaa aliyeuguza mama au dada, anayeshuku tayari. Asiye na shaka yoyote hafiki huko, na ubishi wote ulikuwa juu ya huyo.