Othodoksi ndio dawa ya bonasi ya Kericho? Sidhani

Kila bonasi ya chai (yale malipo ya mwisho wa mwaka) ikitangazwa, mkulima wa Kericho ama Bomet akisikia ya mwenzake wa Kirinyaga ni kubwa kuliko yake roho inamuuma, halafu lazima mtu asimame mkutanoni aseme tuachane na CTC (chai inayosagwa kuwa vipunje), tutengeneze othodoksi (chai ya jani la kusokotwa).

Ana pointi, tusimdharau. CTC yetu inauzwa kwa magunia kwenye mnada wa Mombasa, pale pale na ya Uganda, Rwanda na Malawi, mnunuzi anaenda kuichanganya huko kwake na mara nyingi jina Kericho halifiki kwenye pakiti. Othodoksi jani linasokotwa taratibu bila kusagwa, linabaki na harufu yake, na ikiwa nzuri kilo inalipa zaidi.

Lakini CTC nayo msiitukane. Jani linanyaushwa usiku kucha, linapita kwa rola zenye meno, linatoka vipunje vidogo vinavyochacha haraka, ndio maana kikombe kina ile rangi ya shaba na ukali unaosimama hata ukimimina maziwa nusu sufuria. Othodoksi ukiifanyia hivyo umetupa pesa yako (nimejaribu, ilikuwa ni maziwa ya moto tu). Na Pakistan, ambayo ndio mteja wetu mkubwa, wanachemsha chai na maziwa kama sisi, sasa hiyo harufu ya maua utamuuzia nani kwa wingi? Huko kwingine kunakopendwa othodoksi, Sri Lanka wameshakaa zamani.

Halafu kitu watu wanaruka: Kirinyaga pia kwa sehemu kubwa wanasaga CTC! Mashine ni zile zile, bei tofauti. 2021 serikali ilipoweka dola 2.43 kwa kilo kuwa bei ambayo chai haiuzwi mnadani chini yake, ya mashariki ya Bonde la Ufa, kama Kirinyaga, ilikuwa inapata wanunuzi, ya magharibi, yaani kwetu Kericho na Bomet, ikalala kwa maghala. Mwinuko wa shamba unachangia, sawa, huo huwezi kuuhamisha, lakini nenda kituoni wanakopokea majani ya wakulima saa nane mchana uone gunia likimwagwa mezani: majani mawili na kichipukizi, ndiyo yanayotakiwa, yako pale juu juu, chini kuna jani la nne gumu na vijiti, na karani anapima tu kwa sababu lori linapiga honi. Gunia kama hilo ukilipeleka kwa othodoksi utaaibika zaidi, maana pale jani linaonekana zima.

Kwa hivyo mimi ningeanza na hiyo meza. Laini moja ya othodoksi kwa kiwanda ambacho tayari kina mnunuzi, sioni ubaya, ila kukopa pesa ya wakulima ununue mashine ndio utafute soko baadaye, hapana.