Makanisa ya Kiprotestanti Mjini Zanzibar: Historia Mbili Chini ya Jina Moja

Mjadala kuhusu Wakristo wa mjini Zanzibar huwa hauchelewi kugawanyika pande mbili. Upande wa kwanza hudai kuwa makanisa yale ni mabaki ya ukoloni yaliyoongezewa nguvu na watu kutoka Bara, na kwamba yanapaswa kukaa kwa adabu ya mgeni. Upande wa pili hudai kuwa Wakristo wachache wa Unguja wanabanwa makusudi na jamii ya Waislamu walio wengi, wakiwamo watendaji wa serikali. Kila upande una ushahidi, lakini pande zote mbili huzungumza kana kwamba kanisa lililopo mjini ni moja, ilhali zipo historia mbili tofauti, na lawama za moja hazistahili kubebeshwa nyingine.

Historia ya kwanza ni ya Waanglikana wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), misheni iliyozaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Misheni hiyo haikuanzia Unguja. Ilijaribu kwanza katika bonde la mto Shire, katika Malawi ya leo, ambako Askofu Charles Mackenzie alifariki mwaka 1862, na ni baada ya kushindwa huko ndipo mrithi wake, William Tozer, alipohamishia makao kisiwani mwaka 1864. Waumini wake wa mwanzo hawakutoka katika mitaa ya mji. Walikuwa vijana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa kwa misheni na Sultan Majid, na baada yao wakaja mamia ya wengine waliokombolewa baharini, wengi wao wakiwa na asili ya Bara, wakawekwa Kiungani na Mbweni, nje kidogo ya mji. Soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873, katika enzi ya Sultan Barghash, misheni ilipata kiwanja hapo, na jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi huo, amezikwa nyuma ya altare yake.

Wanaosema kwamba Ukristo haukuenea mjini kwa sababu Waislamu waliuzuia wanapaswa kuyasoma mambo hayo kwa makini. Masultani ndio walioiruhusu misheni kukaa, na simulizi ya mji husema kuwa hata saa ya mnara wa Mkunazini ni zawadi ya Barghash. Zaidi ya hapo, misheni yenyewe ilikitazama kisiwa kama gati la kupitia kuelekea Bara. Mwaka 1876 Steere aliwaongoza waliokombolewa hadi Masasi wakaanzishe makazi huko. Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri, mwaka 1890, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake Chitangali, huko kusini, na chuo cha Kiungani nacho kilihamishiwa Minaki, huko Bara, katika miaka ya 1920. Kanisa lililokuwa likiwasafirisha watu wake hodari kwa nusu karne haliwezi kuulaumu mji peke yake kwa uchache wa waumini wake.

Hata hivyo, uchache huo haukumaanisha kuwa misheni haikuugusa mji, na hapa ndipo hoja ya ugeni nayo inapopwaya. Steere alijifunza Kiswahili cha Unguja kutoka kwa wenyeji Waislamu, akakiandikia sarufi na kukichapa, na lahaja hiyohiyo ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Padri Godfrey Dale wa misheni hiyohiyo alichapisha mwaka 1923 tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili, ikiwa na maelezo ya kumwandaa Mkristo kwa mabishano. Waislamu hawakuipokea vizuri, na walikuwa na haki ya kutoipokea. Lakini ni katika mkondo wa kuijibu kazi hiyo, na baadaye ile ya Waahmadiya ya mwaka 1953, ndipo tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mwana wa Zanzibar, ilipokamilika mwaka 1969. Jamii mbili zilizobishana kwa kiwango hicho, kwa lugha moja na katika vitabu, haziwezi kuitwa mwenyeji na mpita njia.

Kuna jambo la pembeni ambalo wasemaji wa pande zote mbili hulisahau: Waanglikana wa Zanzibar wenyewe hawakupenda kuitwa Waprotestanti. Mwaka 1913 Askofu Frank Weston aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, kwa sababu walishirikiana na Wapresbiteri na Wamethodisti katika meza ya Bwana huko Kikuyu, Kenya. Ubani na ungamo, kama kwa Wakatoliki, vilikuwa desturi ya Mkunazini muda mrefu kabla Mpentekoste wa kwanza hajafungua Biblia Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe.

Jengo lenyewe leo lina maisha mawili. Kwa waumini ni kanisa, na kwa wageni wa utalii ni kituo cha kumbukumbu ya utumwa, ambapo huoneshwa vyumba vya chini vinavyoelezwa kuwa vilihifadhi watumwa kabla ya mnada. Wanahistoria wameitilia shaka simulizi hiyo kwa sababu nyepesi kueleweka: jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la misheni, nalo lilijengwa baada ya soko kufungwa. Utumwa wa Mkunazini haukuhitaji kutiwa chumvi ili uwe wa kutisha. Kanisa linaloishi katikati ya Waislamu, likiwa na simulizi inayowaonesha babu zao kama wauzaji na wamisheni kama wakombozi peke yao, linapaswa kuwa la kwanza kuisahihisha.

Historia ya pili haina mnara. Ni ya Walutheri, Wapentekoste na walokole wa madhehebu mengine waliokuja kwa wingi baada ya uchumi kufunguliwa na hoteli za kitalii kuongezeka: wapishi, walimu, askari, mafundi na wafanyabiashara wadogo, wengi wao wakitoka Bara. Waanglikana wana Dayosisi ya Zanzibar yenye askofu wake, lakini Walutheri wa Unguja wamo katika Dayosisi ya Mashariki na Pwani, ambayo makao yake yako Dar es Salaam. Idadi ya waumini hawa wapya ni ya kukisia, kwani sensa ya mwisho nchini kuuliza dini ilikuwa ya mwaka 1967.

Tofauti kubwa kati ya makanisa haya mapya na Mkunazini ni kiwanja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar iliwekwa chini ya serikali, na shule za misheni zikataifishwa, lakini Waanglikana walibaki na makanisa waliyojenga tangu karne ya 19. Usharika mpya hauna urithi huo. Huanza katika sebule ya nyumba ya kupanga, huongeza vipaza sauti, na majirani hulalamika, wakati mwingine kwa haki kabisa, maana mkesha wa maombi katika mtaa wa nyumba zilizobanana ni kero hata kwa Mkristo. Unapoomba kiwanja, ombi hukaa ofisini bila jibu. Kwa hiyo usharika hurudi palepale sebuleni, kisha huambiwa kuwa unaendesha ibada mahali pasiporuhusiwa.

Vurugu za Mei 2012 zilionesha hatari ya hali hiyo. Zilianza kwa kukamatwa kwa mmoja wa watu wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ambayo wakati huo madai yake makubwa yalikuwa dhidi ya Muungano, lakini kilichochomwa moto kilikuwa pamoja na kanisa la Kipentekoste la TAG (Tanzania Assemblies of God) la Kariakoo ya Zanzibar. Kanisa lilichukuliwa kuwa alama ya Bara. Wapo wanaoona katika tukio hilo chuki ya dini tupu, nami sioni kwamba hilo linatosha, kwa kuwa Novemba ya mwaka huohuo Sheikh Fadhil Soraga wa Ofisi ya Mufti alimwagiwa tindikali. Lakini kusema kuwa ni siasa tu hakumsaidii muumini aliyekuta madhabahu yake ni majivu.

Dini si jambo la Muungano, na hivyo uamuzi kuhusu viwanja vya ibada uko mikononi mwa Zanzibar yenyewe. Serikali ina haki ya kupima kelele, msongamano na mpango wa mji, na ina haki ya kukataa. Haina hoja nzuri ya kunyamaza. Ombi la kanisa la Tomondo au Fuoni likipewa jibu la maandishi lenye sababu, ndani ya muda unaojulikana na kwa kipimo kilekile kinachotumika kwa msikiti, makanisa nayo yatabaki bila kisingizio cha kuendesha mikesha sebuleni kwa watu.