Odin, Vidar au Torstein: mtoto abebe jina la mungu wa kale?

Mdogo wangu anaishi Bergen, Norway, na mumewe ni mtu wa huko huko. Walijaliwa mtoto wa kiume miezi miwili iliyopita na hadi leo hana jina. Shemeji anataka Odin. Mama yuko Moshi, Mlutheri asiyekosa ibada, na alipoambiwa kwa simu kwamba Odin ni mungu wa zamani wa Skandinavia, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mjukuu wangu atabatizwaje kwa jina la mungu mwingine?"

Swali hilo linastahili jibu la haki. Kumwambia Mama kwamba hayo ni mambo ya kale yaliyokwisha ni kumdharau.

Nianze na shemeji. Kwake majina haya hayana ushirikina wowote. Norway imejaa wanaume wa makamo wanaoitwa Vidar, na wengi wao wala hawakumbuki kwamba Vidar ni mwana wa Odin aliyelipiza kisasi cha baba yake kwa kumuua mbwamwitu Fenrir. Thor Heyerdahl, aliyevuka Pasifiki kwa chelezo mwaka 1947, alibeba jina la mungu wa radi maisha yake yote. Odin lenyewe limependwa sana na wazazi wa Norway karne hii. Sheria ya huko hukataa jina linaloweza kumletea mtoto taabu kubwa, na hili halikataliwi. Darasani hakuna atakayemcheka.

Tena Mama mwenyewe anayo hoja ya kumtetea shemeji, ndani ya Biblia yake. Epafrodito, ambaye Paulo anamwita ndugu na askari mwenzake, jina lake limetoka kwa Afrodita, mungu wa kike wa Wagiriki. Apolo, mhubiri hodari wa Matendo ya Mitume, jina lake limetokana na la Apolo, mungu wa Wagiriki, bila kificho. Hakuna aliyewaambia wabadilishe. Na jina hilo la Apolo likafika hadi kwetu: Apolo Kivebulaya, kasisi wa Uganda aliyepeleka Injili Mboga, Kongo, na kufariki mwaka 1933, anakumbukwa kwa heshima kubwa kanisani.

Hapo ningeweza kumaliza, lakini siridhiki. Anayeitwa Apolo leo hana jirani anayemwabudu Apolo. Odin anao wanaomheshimu kama mungu hata sasa: huko Iceland dini ya miungu hiyo ilitambuliwa rasmi na serikali mwaka 1973. Ni watu wa amani, sina neno nao, ila Mama hakosei anaposema huyo ni mungu mwingine.

Na kuna linaloniuma zaidi. Mwaka 2015, katika mji wa Kemi, Finland, lilianzishwa kundi la kupinga wahamiaji lililojiita Askari wa Odin, likafanya doria mitaani na kusambaa nchi nyingine. Mpwa wangu ana ngozi ya mama yake. Mdogo wangu anasema hiyo ndiyo sababu ya kulichukua jina: mtoto mweusi akiitwa Odin, hao watakuwa wamenyang'anywa walichokiiba. Nilivutiwa sana na maneno hayo, kisha nikajiuliza kwa nini vita hivyo apewe mtoto wa miezi miwili, kabla hajajua kukaa.

Halafu maana. Sisi tunaamini jina jema hung'ara gizani, na jina Odin chimbuko lake ni neno la kale lenye maana ya jazba au wazimu, ule unaompanda mtu vitani au katika ushairi. Katika visasili ni mwenye hekima, alitoa jicho lake moja ili anywe kisima cha maarifa. Lakini pia ni mlaghai, anayewachochea wafalme wapigane. Vidar ni mkimya, mwaminifu kwa baba yake. Kama ni kuchagua kati ya hao wawili, mimi nampa mtoto Vidar bila kusita.

Kilichonisaidia zaidi ni kuangalia Waviking wenyewe, watu wa kale wa Skandinavia walioabudu miungu hiyo, walifanyaje. Ni nadra sana kukuta waliomwita mtoto Odin. Jina la mungu kwa kawaida hawakulibeba tupu, walilifungia neno jingine. Simulizi moja ya kale ya Iceland inamtaja mtoto aliyezaliwa akaitwa Stein, yaani jiwe. Baba yake, mcha Thor, akamweka mikononi mwa mungu huyo, na tangu hapo akaitwa Thorstein, ambalo siku hizi Norway huandikwa Torstein. Mtu wa pwani analielewa hilo mara moja: mtoto haitwi Rahman, huitwa Abdulrahman. Heshima imo katika kuunganisha.

Majina hayo ya kuunganisha hayakufa Iceland ilipopokea Ukristo karibu na mwaka 1000. Yaliingia kanisani pamoja na wenyewe. Askofu Thorlak wa Skálholt, mwana wa Thorhall, alifariki mwaka 1193 akiwa na Thor katika jina lake na katika jina la baba yake. Mwaka 1984 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu msimamizi wa Iceland. Ndiyo maana nimewaandikia mdogo wangu na shemeji kwamba kura yangu ni Torstein, na likiwashinda basi Vidar, ila Odin hapana.

Sheria inawapa wazazi miezi sita kupeleka jina, kwa hiyo minne imebaki. Shemeji hajakubali. Mama naye alinipigia juzi usiku, akaniomba nimtajie tena yule askofu, polepole, aandike.